Walimu Weusi katika shule za umma za miji ya Marekani: wanatafutwa, lakini kwa kazi gani?

Mwalimu wa Nakawa anauliza:

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya serikali hapa Kampala. Mwenzetu wa Hisabati ameitwa na wakala anayepeleka walimu Marekani, katika shule za umma za jiji kubwa ambalo wanafunzi wake wengi ni Weusi, na tangu habari hizo zifike, chumba chetu cha walimu kimegawanyika. Wapo wanaosema kwamba mwalimu Mwafrika atapokelewa huko kama mzazi, kwa kuwa watoto hao wana kiu ya kumwona mtu wa rangi yao mbele ya ubao. Wapo wengine wanaouliza jambo ambalo nilishindwa kulijibu, na ndilo linalonileta hapa: ikiwa watoto ni Weusi, na jiji hilo lina maelfu ya Weusi waliosoma, kwa nini walimu watafutwe Uganda?

Nilichosoma kimeniongezea maswali. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka wa masomo wa 2020–2021 zinaonyesha kwamba walimu Weusi ni kama 6 katika kila walimu 100 wa shule za umma, ilhali wanafunzi Weusi ni kama 15 katika kila 100. Upo pia utafiti maarufu wa jimbo la Tennessee, ambako kuanzia mwaka 1985 watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waligawiwa madarasa kwa bahati nasibu ili ukubwa wa madarasa uchunguzwe. Miaka mingi baadaye wanauchumi waliwafuatilia watoto hao na kuona kwamba mtoto Mweusi aliyepata angalau mwalimu mmoja Mweusi kufikia darasa la tatu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 13, wa kujiunga na chuo kuliko mwenzake ambaye hakumpata. Kama faida ni hiyo, nchi yenye uwezo kama ile ingewashikilia walimu hao kwa mikono miwili. Mbona basi ni wachache hivyo? Na wale waliopo, siku yao ya kazi ikoje? Naomba anayeijua historia, na hasa anayefundisha huko, atueleze kwa kirefu. Sitafuti maneno ya kumtia mwenzetu moyo wala ya kumkatisha tamaa. Nataka ajue anakoingia.

Mstaafu wa Bombo anajibu:

Mwalimu wa Nakawa, anza na hili: idadi hiyo haikuwa ndogo tangu zamani. Ilipunguzwa, na waliotia saini za kuipunguza walikuwa na ofisi na vyeo.

Kabla ya mwaka 1954, majimbo ya kusini na ya mpakani yalikuwa na shule za Weusi peke yao na za Weupe peke yao. Walimu Weusi walikuwa wapatao 82,000, wakifundisha watoto wapatao milioni 2. Majengo yao yalikuwa duni na vitabu vilikuwa vile vilivyokwisha kutumiwa na shule za Weupe, lakini ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za wasomi ambazo mtu Mweusi, na hasa mwanamke, aliweza kuzifanya, na kwa sababu hiyo vichwa bora vya jamii vilikusanyika humo. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Sisi tuliofundisha historia tumezoea kuieleza hukumu hiyo kama ushindi, nao ulikuwa ushindi wa kweli. Tunachokiruka ni namna ilivyotekelezwa. Utekelezaji uliachiwa bodi za elimu za wenyeji, ambazo zilikuwa mikononi mwa Weupe, na bodi hizo hazikuwa tayari kumweka mwalimu Mweusi mbele ya watoto wa Kizungu. Shule za Weusi zikafungwa. Watoto wakahamishwa, walimu wao wakaachwa nje. Walimu wakuu waliokuwa wameongoza shule kwa miaka mingi walishushwa wakawa wasaidizi, na wengine wakapewa kazi zisizohusiana kabisa na ufundishaji. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya mwaka 1954 na 1965, katika majimbo 17, walimu na walimu wakuu Weusi zaidi ya 38,000 walipoteza kazi.

Nawaomba walimu wa Historia mumtafute Septima Clark, kwa maana maisha yake yanaeleza jambo hili vizuri kuliko hesabu yoyote. Mwaka 1916 alianza kufundisha katika kisiwa cha Johns, karibu na jiji la Charleston huko South Carolina, kwa sababu shule za umma za jiji lenyewe hazikuwa zikiajiri walimu Weusi, hata katika shule za watoto Weusi. Alishiriki kukusanya saini za kulibadilisha jambo hilo, na wakafanikiwa. Baadaye, akiwa mwalimu katika jiji la Columbia, alisaidia katika kesi ya kudai mishahara sawa kwa walimu Weusi na Weupe, ambayo wakili Thurgood Marshall aliisimamia, nayo ikashinda mwaka 1945. Kisha mwaka 1956, miaka miwili tu baada ya hukumu ya Brown, jimbo likatunga sheria ya kuwakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Alikataa kujitoa. Akafukuzwa baada ya miaka 40 ya ualimu, na pensheni yake ikazuiwa hadi mwaka 1976. Mimi ninayeishi kwa pensheni, na ninayejua maana ya kuisubiri, nikisoma habari zake nashindwa kuitazama kama historia ya watu wa mbali.

Mnaweza kusema hayo ni ya kusini na ya zamani. Lakini jijini New York, walimu Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini walifungua kesi mwaka 1996 kuhusu mtihani wa leseni ambao uliwaangusha wengi wao bila kuonyesha kwamba unapima uwezo wa kufundisha. Mahakama iliwapa haki, na fidia yao imezidi dola bilioni 1. Jijini New Orleans, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule za umma waliachishwa kazi kwa pamoja, na shule nyingi zikakabidhiwa waendeshaji binafsi. Kabla ya kimbunga, walimu Weusi jijini humo walikuwa asilimia 71. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki asilimia 49. Jijini Chicago, takribani shule 50 zilifungwa kwa mpigo mwaka 2013, na karibu watoto 9 katika kila 10 waliokuwa wakisoma humo walikuwa Weusi. Mtaa unapofungiwa shule, hupoteza pia watu wazima waliozijua familia kwa majina.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi. Nilipokuwa kijana nilifundishwa na Mmarekani aliyekuja kwa mpango ulioanza mwaka 1961 wa kuleta walimu wa Kimarekani Afrika Mashariki, ambao wengi wao walipitia Makerere kupata stashahada ya ualimu kabla ya kugawiwa shule. Alikuwa mwalimu hodari na ninamkumbuka kwa heshima. Ila leo najua kwamba miaka ileile tuliyokuwa tukiletewa walimu kutoka kwao kwa sababu Uganda ilikuwa na upungufu, walimu wao Weusi walikuwa wakifungiwa milango ya shule za kusini. Kwa hiyo wakala anapokuja Kampala na kusema kwamba Marekani ina upungufu wa walimu Weusi, mwenzenu ana haki ya kuuliza upungufu huo ulitengenezwa na nani.

Mzaliwa wa Masaka, ughaibuni, anajibu:

Shikamoo Mzee wa Bombo, na asante kwa kutuanzia mbali. Mimi ninafundisha Hisabati katika shule ya umma ya jiji moja la pwani ya mashariki ya Marekani. Jina la jiji naliacha kwa kuwa bado niko kazini. Nitajibu lile swali la siku ya kazi.

Mkataba wangu unasema nifundishe aljebra, nisahihishe kazi na nihudhurie vikao. Lakini mvulana Mweusi akigombana na mwalimu wake wa Sayansi, analetwa mlangoni kwangu katikati ya somo, kwa maelezo kwamba ni mimi tu ninayesikilizwa naye. Saa niliyopangiwa kuandaa masomo huishia kwa watoto wawili watatu waliotolewa madarasani mwao, na mara nyingi hata sielezwi wamefanya nini. Mwalimu wa nidhamu yupo na analipwa. Mimi nafanya kazi yake bila cheo wala malipo, halafu nabaki usiku nikisahihisha daftari ambazo wenzangu walizimaliza mchana. Wanaume Weusi, ambao ni wachache mno katika ualimu wa huko, ndio wanaobebeshwa zaidi. Ninaye jirani wa darasa, mwalimu wa Kiingereza mwenye shahada ya uzamili, ambaye kwa miaka amekuwa akiomba apewe darasa la juu la fasihi, lakini uongozi humsifu kila mwaka kwa namna anavyotuliza korido. Kikao cha kuzungumzia ubaguzi kikiitishwa, sisi wachache tunatazamwa tuseme la kufanya. Kikao cha kuamua ni nani afundishe madarasa ya juu hatuitwi.

Jambo hili si la shule yangu peke yake. Mwaka 2016 John B. King, aliyekuwa waziri wa elimu wa Rais Obama na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu, aliliandika gazetini akiuita mzigo huo kodi isiyoonekana. Tafiti kuhusu walimu wanaoacha kazi katika shule za aina hii zinarudia jambo ambalo sisi tunalijua: kinachowaondoa zaidi ni kukosa sauti katika maamuzi ya shule na kukosa uhuru darasani, wala si umaskini wa watoto kama watu wa nje wanavyodhani. Nimewaona wenzangu wakiondoka huku wakiwalilia watoto waliowaacha.

Kwangu mzigo huo una nyongeza ambayo mwenzenu wa Nakawa ataikuta pia. Shule yetu ina watoto wa wakimbizi wa Kongo, na baadhi yao waliishi katika kambi za Nakivale au Kyangwali nchini Uganda kabla ya kuhamishiwa Marekani. Siku walipogundua kwamba ninazungumza Kiswahili, niligeuzwa mkalimani wa shule nzima, ingawa sheria ya huko inaitaka shule iwatafutie wazazi mkalimani anayestahili. Sijutii kuwasaidia. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa akielekezwa darasa la wenye matatizo ya kujifunza, na mama yake alipopata mtu wa kuzungumza naye kwa lugha anayoielewa, alieleza kwamba mwanawe alikuwa wa kwanza darasani huko kambini na kwamba kikwazo chake ni Kiingereza tu. Tuliketi na walimu wengine, tukampa maswali ya hesabu yasiyo na maneno mengi, naye akayamaliza yote. Leo yuko katika darasa langu la aljebra na anawasaidia wenzake. Kwa ajili ya mambo kama hayo ninabaki. Lakini naomba ieleweke kwamba nilifanya hivyo kwa muda wangu, na kwamba kama nisingekuwapo, mtoto yule angepotezewa miaka.

Kuhusu wale wa chumba chenu wanaosema kwamba Mwafrika atapokelewa kama mzazi, ningewaomba wapunguze matumaini hayo. Rangi yangu ilinifungulia mlango, ila haikuniketisha. Watoto waliicheka lafudhi yangu, jambo ambalo ni la kawaida, lakini lililokuwa gumu zaidi ni kwamba sikuujua mtaa wao. Sikujua kwa nini mzazi anakuja shuleni akiwa amekasirika kabla sijasema neno. Mama mmoja mtu mzima, mwalimu aliyezaliwa na kusomeshwa palepale, ndiye aliyenieleza ni shule zipi zilifungwa, watoto wa mtaa upi walilazimishwa kuvuka kwenda wapi, na ni mwalimu yupi aliyewafundisha wazazi hawa wakati wao wenyewe walipokuwa watoto. Yeye ana madai ambayo Waganda tunapaswa kuyasikia bila kukasirika. Anauliza kwa nini jiji litumie fedha kutafuta walimu ng'ambo ilhali wasaidizi wa darasa Weusi, waliokaa na watoto hao kwa miaka, hawapewi ufadhili wa kumaliza shahada na kupata leseni. Sina jibu la kumrudishia, kwa sababu naona anasema kweli.

Msomaji wa Gulu anaandika:

Nimewasoma wote kwa makini, na naheshimu ushuhuda wa Dada wa Masaka kuliko takwimu. Hata hivyo nina shaka na namna mjadala ulivyoanza. Utafiti wa Tennessee unazungumzia wastani wa watoto wengi; hausemi kwamba mwalimu yeyote Mweusi, akiwekwa darasani hata bila vifaa wala msaada, ataleta matokeo hayo. Serikali hupenda tafiti za namna hii kwa sababu mfano wa kuigwa haugharimu chochote. Ni rahisi kumwambia mwalimu kwamba kuwapo kwake ni baraka kuliko kumpa chumba chenye watoto wachache na mshahara wa kumtosha.

Sisi tuna ushahidi wetu. Katika shule za UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, za Kampala, mwalimu na watoto wana rangi moja tangu mpango huo ulipoanza mwaka 1997, lakini hilo halikuondoa msongamano darasani. Mtaala wa mwaka 2007 ulitaka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, isipokuwa mijini, ambako lugha ni nyingi na Kiingereza kikaachwa kishike nafasi. Mtoto wa Kiacholi au wa Kikaramoja anayekulia katika mitaa ya Kampala anaweza kupita darasa hata darasa bila kukutana na mwalimu anayejua lugha ya mama yake, na ukaribu ambao Dada ameueleza kuhusu watoto wa Kongo hakuna anayempa. Tena mwaka 2022 tuliona serikali ikipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4, huku mwenzake wa sanaa mwenye shahada kama hiyo akibaki na kama milioni 1, na walimu wa UNATU, chama cha walimu cha Uganda, wakagoma. Walimu waliogawanywa hivyo walikuwa wa rangi moja na chumba kimoja. Hoja yangu ni kwamba mwalimu hudhulumiwa pale mwajiri anapoamua kazi ya nani ina thamani na ya nani haina, na rangi ni njia mojawapo ya kuamua hivyo.

Mzaliwa wa Masaka anajibu tena:

Ndugu wa Gulu, nakubaliana nawe kuhusu mishahara na vifaa, na jirani yangu wa darasa angekupigia makofi. Mahali ninapotofautiana nawe ni hapa: huko Marekani rangi haikuwa njia mojawapo kati ya nyingi. Ilikuwa ndiyo njia yenyewe, kwa sheria, na bodi za shule zilizotajwa na Mzee hazikuficha sababu zao. Ukiiweka rangi pembeni utashindwa kueleza kwa nini mwalimu mwenye shahada ya uzamili anasifiwa kwa kutuliza korido. Halafu watoto wanaona. Mvulana akinikuta kila siku nikilinda mlango na asinione nikiongoza kikao cha idara, anajifunza jambo kuhusu nafasi yake ambalo aljebra yangu haiwezi kulifuta.

Mwalimu wa Nakawa anarudi:

Nimemsomea mwenzetu majibu yote jana jioni, naye hajabadilisha nia ya kwenda, ila amebadilisha maswali. Hapo awali alikuwa akiuliza kuhusu mshahara na baridi. Sasa anauliza kama shule inayomwita ina walimu Weusi wenyeji, ni wangapi wanaofundisha madarasa ya juu, na kama waliomtangulia kutoka Afrika walikaa au waliondoka. Wakala amemtaka alipe fedha nyingi kabla hata hajazungumza na shule, na mkataba haujamfikia. Je, hilo ni la kawaida?

Mstaafu wa Bombo anajibu:

Asilipe. Walimu wapatao 350 kutoka Ufilipino walipelekwa katika shule za umma za Louisiana kuanzia mwaka 2007, wengi wao wakiwa wamekopa maelfu ya dola kumlipa wakala, na walipofika wakabanwa kwa madeni, kwa makato ya mishahara na kwa vitisho vya kurudishwa kwao. Walishtaki, na mwaka 2012 baraza la mahakama likaamua walipwe dola milioni 4.5. Mnaona ni miaka mingapi ya maisha yao ilipita hapo katikati.

Mzaliwa wa Masaka anaongeza:

Naunga mkono. Aombe mkataba wa shule yenyewe, si wa wakala, na ahakikishe jina la mwajiri, idadi ya vipindi na mshahara vimeandikwa humo. Aulize pia aina ya viza. Walimu wengi huenda kwa viza ya J-1 ya kubadilishana walimu, ambayo kwa kawaida huwa ya miaka 3 na inaweza kuongezwa hadi 5, kwa hiyo asiuze kiwanja wala asiahidi familia kwamba anahamia. Aombe azungumze kwa simu na mwalimu mmoja mwenyeji wa shule hiyo, bila msimamizi kuwapo. Shule ikikataa ombi hilo, basi imekwisha kujibu. Na akifika, saa yake ya maandalizi aidai tangu wiki ya kwanza, kwa upole na kwa maandishi, kwa maana saa ikishazoeleka kuwa ya watoto waliofukuzwa madarasani, kuirudisha ni kazi ngumu. Mwambie aniandikie kupitia wewe akishaujua mji. Kama ni huku kwetu, nitamtambulisha kwa yule mama aliyenifundisha mtaa.